Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?



Sote tunaijua methali hii: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mzazi akivuta bangi au akitumia unga, tunamnyooshea mtoto wake kidole. Tunasema, "Na huyu atakuwa vilevile." Je, ni kweli? Leo tutazame madaftari yanasema nini.

Twende Uswidi, nchi ya kaskazini ya Ulaya. Ndiyo iliyoisaidia Tanzania kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi miaka ya 1970. Huko tangu mwaka 1947 kila mkazi ana namba yake. Akilazwa hospitali, inaandikwa. Akichukua dawa alizoandikiwa na daktari, inaandikwa. Akihukumiwa kwa dawa za kulevya, inaandikwa pia.

Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani na Uswidi, akiwemo Kenneth Kendler, walitoa habari walizozipata katika madaftari hayo. Hawakupewa jina la mtu yeyote, walipewa namba tu. Walichunguza watu 18,115 waliozaliwa kati ya 1950 na 1993, waliolelewa na wazazi wasiowazaa.

Waliona nini? Katika kila watu 100 ambao mzazi wao wa damu alitumia dawa za kulevya, karibu 9 nao walizitumia. Kwa wale wengine, ni kama 4 katika 100. Basi damu ina sehemu yake. Lakini hebu tupige hesabu: 100 toa 9, zabaki 91. Hao 91 hawakuonekana madaftarini kwa kosa wala ugonjwa wa dawa hizo.

Tena waliona kwamba malezi nayo yana nguvu. Nyumba yenye ulevi, au ambayo wazazi wameachana, iliongeza hatari. Na hatari hiyo iliwapata zaidi wale wenye damu ya watumiaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtoto wa mtumiaji tusimfukuze. Yeye ndiye anayehitaji zaidi nyumba yenye utulivu.

Na zahanati zetu zina madaftari pia. Mgonjwa amweleze mganga ukweli, hata kama ni habari ya bangi. Na mganga asiitoe siri hiyo nje. Mgonjwa akiona siri yake imefika kilabuni, kesho atasema uongo, na daftari litaandika uongo.