Mteja Aambiwe Wapi?

Leo tunazungumza na vijana wa Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi Kamenge, wanaotengeneza programu, iwe ya kuhesabu mali dukani au ya kupokea ada za shule. Programu ikibadilika, mteja aambiwe wapi?

Wengi wenu mnatumia WhatsApp na Facebook, na mko sahihi. Mwenye duka tayari yumo humo. Akikwama anatuma ujumbe wa sauti, kwa Kirundi au Kiswahili, anajibiwa papo hapo. Hilo ni jambo kubwa, msiliache.

Lakini kumbukeni tarehe 20 Mei 2020, siku ya uchaguzi: mitandao hiyo ilifungwa nchini kwetu. Kisha tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zikazimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Je, siku kama hizo programu yako ikianza kuharibu hesabu za watu, utawafikiaje?

Kwa hiyo tunzeni namba za wateja katika daftari lenu wenyewe, kwa ridhaa yao. Tangazo la dharura litumwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida, na lionekane pia ndani ya programu mtu anapoifungua.

Na tafadhali sana: picha inayoonyesha mauzo au madeni ya mteja isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wateja. Washindani wake wamo humo humo. Mpigieni simu yeye mwenyewe.