Usukani Umfuate Dereva, Dereva Asiufuate Usukani

(Maneno yaliyotolewa na ofisi ya uhusiano wa polisi na umma mbele ya wenye magari, mafundi na wakazi wa Jinja, na kurudiwa Mbale)



Mwaliko ulisema kwamba tutazungumza juu ya usukani, na tumekwisha kusikia minong'ono. Magendo yapo mpakani, wezi wa ng'ombe wapo, na polisi wamekuja kutufundisha namna ya kukaa! Naam, ndugu zetu, tumekuja kuzungumza juu ya kukaa. Mwenye kuendesha kutoka Jinja hadi Mbale hukaa mahali pamoja kwa zaidi ya kilomita 100, akipita Iganga, Namutumba, daraja la Mpologoma na Tirinyi, na jinsi alivyokaa ndiyo itakayoamua kama mikono yake itautii moyo wake pale mtoto atakapokatisha barabara.

Tunazungumza hasa juu ya magari ya spoti yaliyozeeka, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyojaa upande wetu huu wa mpaka. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingizwa nchini kwao gari lililopita miaka 8. Sisi sheria yetu ilirekebishwa mwaka 2018, ikakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kuundwa. Lakini yale yaliyokwisha kuingia yangali yanatembea, yanauzwa na kuuzwa tena, na kila mnunuzi hurithi kiti kama alivyokiacha mwenzake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Subaru Impreza za mwanzo, zile zilizoanza kuundwa mwaka 1992 ambazo vijana wetu wanazipenda mno, zina usukani unaopanda na kushuka tu. Hauvutiki kuja kifuani, wala hausukumiki kwenda mbele. Mazda Roadster ya mwaka 1989 ni ngumu zaidi: usukani wake haupandi, haushuki, hauendi popote. Waliouunda walipima kimo cha mtu mmoja wa wastani, wakamwacha mrefu wa Sebei na mfupi wa Busoga wajitafutie wenyewe. Basi katika magari hayo ni kiti kinachofanya kazi kubwa, na usukani humalizia.

Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi kwenye vizuizi vyetu ni la kulaza kiti. Kijana amelala kama mgonjwa, mkono mmoja umenyooka hadi juu ya usukani, mwingine uko dirishani. Katika barabara iliyonyooka kupita mabonde ya mpunga hilo halimsumbui. Lakini mpelekeni kwenye kona za mlima wa kwenda Kapchorwa, au atokewe na trekta la miwa lisilo na taa karibu na Iganga. Ili azungushe usukani itambidi kwanza aning'inie juu yake, mabega yaachane na kiti, na mkanda uwe umelegea kifuani. Anatumia usukani kama kamba ya kujinyanyulia, na wakati huohuo anataka umwelekeze gari. Usukani hauwezi kazi mbili.

Wengine hukosea kinyume chake. Tunamfahamu mama mmoja anayetumia gari la mumewe siku za soko la Lwakhakha. Mumewe ni mrefu. Yeye ni mfupi. Miguu yake haifiki kwenye klachi, kwa hiyo husogea mpaka kifua kinakaribia kugusa honi, na chini yake ameweka mto wa sebuleni. Mto ule huteleza kila anapofunga breki. Tulipomwuliza kwa nini hakirekebishi kiti, alijibu kwamba mzee hapendi kiti chake kiguswe. Enyi wazee, tunawaomba: kiti cha gari si kigoda cha ukoo.

Utaratibu wenyewe ni huu, na ufanywe gari likiwa limesimama. Anza na miguu. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, sogeza kiti mbele. Kisha uegemee vizuri, mabega yote mawili yaguse kiti, unyooshe mkono mbele juu ya usukani. Kifundo cha mkono, yaani pale unapovaa saa, ndicho kitulie juu ya duara bila bega kuachana na kiti. Kama ni vidole tu vinavyofika, inua mgongo wa kiti hatua moja au mbili. Vijana hulalamika kwamba hivyo wanaonekana kama wazee. Na waonekane.

Baada ya hayo ndipo ushike mpini mdogo ulio chini ya mhimili wa usukani, uulegeze, na uteremshe au upandishe usukani mpaka uso wake uelekee kifua chako, si uso wako, huku ukiiona dashibodi yote na mapaja yakipita chini bila kukwaruzwa. Ukikaza mpini, usiuamini upesi. Usukume usukani na kuuvuta kwa nguvu. Katika magari ya umri huu kifungio huwa kimelika, na usukani unaoshuka ghafla magotini mwendo ukiwa mkali hauna mganga. Ndiyo sababu hatukubali hata kidogo mazoea ya kuurekebisha ukiwa safarini.

Baina ya kifua na katikati ya usukani acheni nafasi ya sentimita 25 hivi, kwa sababu ya mfuko wa hewa uliokunjwa mle ndani. Mfuko huo hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Humwokoa aliye mbali kidogo; aliyeukumbatia usukani humpiga. Mikono nayo ikae kushoto na kulia, pale saa tatu na saa tisa. Hapa Kiswahili kinatusaidia: ukisoma saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, mikono itakuwa palepale. Aliyeshika juu kabisa, mfuko ukifumuka utamrudishia mikono yake mwenyewe usoni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililotuleta hasa. Dereva anapoona usukani wa zamani haumfikii, fundi humwambia: tuondoe huu, tuweke mdogo wa mashindano, pamoja na kipande cha chuma cha kuusogeza karibu. Unapendeza, hatukatai. Lakini usukani ule mdogo hauna mfuko wa hewa. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huing'oa, na gari huuzwa tena, Busia au Malaba, kwa mtu asiyejua kwamba mbele ya kifua chake pamebaki chuma na ngozi. Wengine wamechomelea mhimili wenyewe ili ushuke zaidi. Mhimili ule uliundwa ujikunje gari linapogonga. Ukiuchomelea umeugeuza mkuki.

Vijana hututajia madereva wa mashindano wanaopita kwenye mashamba ya miwa ya Busoga na barabara za vumbi za Mbale. Sisi pia huwashangilia, na hatujasahau kwamba Charles Muhangi aliiletea Uganda ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Ila dereva wa mashindano hukaa ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma, amevaa kofia ngumu, na mikanda imemfunga mabega yote mawili. Ninyi mmechukua usukani wake tu na kuviacha vingine vyote.

Yupo atakayesema, na ana haki, kwamba mifuko ya hewa nayo imeua watu. Ni kweli. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa na kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata ikarusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari ya makampuni mengi yaliitwa yarudishwe, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Lakini dawa yake ni kupeleka namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni iliyounda gari, wakuambie kama lako limo ili mfuko ubadilishwe. Fundi wa kando ya barabara asiufungue akiwa na bisibisi tu mkononi na betri haijachomolewa. Mfuko unaweza kufumuka mikononi mwake.

Mwenye usukani uliokwisha kubadilishwa asikimbie leo. Hatukuja na kitabu cha faini. Alete gari kwa Mkaguzi wa Magari aliangalie, na kama bado anao usukani wa asili nyumbani, auchukue. Mara nyingi hurudishika. Anayenunua gari aitazame taa ya mfuko wa hewa anapowasha: inapaswa kuwaka kidogo, kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, aulize kabla ya kutoa fedha.

Nje ya ukumbi tumeegesha Impreza ya zamani, milango iko wazi, na mkaguzi amesimama kando yake akiwa na rula ya sentimita. Tunaomba aliye mrefu kuliko wote humu aanze, kisha aliye mfupi kuliko wote aingie mara tu baada yake, bila mtu kumgusia kiti.