Cheo Hukoma, Utumishi Haukomi

(Mada kwa viongozi wa walei wa Njombe na Makambako)



Leo twataka kutafakari swali moja: kiongozi akiisha kuacha cheo, je, wito wake nao umekwisha?

Tumtazame Profesa Wangari Maathai wa Kenya, Mkatoliki aliyesomeshwa na masista. Mwaka 1977 alianzisha shirika la Green Belt Movement, na akina mama wa vijijini wakaotesha miche na kupanda miti kwa mamilioni. Desemba 2002 alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu. Januari 2003 akateuliwa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 2005 alitoka serikalini, na mwaka 2007 akakosa kiti cha ubunge. Je, alikunja jamvi? Hapana. Alirudi kwenye miche ile ile, akatumika hadi alipofariki tarehe 25 Septemba 2011. Kazi yake haikufa, kwa kuwa haikuzaliwa na cheo.

Basi tujihoji na sisi. Milima ya Njombe imejaa misindano na milingoti, na mapato yake yasomesha watoto wetu. Lakini milingoti hunywa maji mengi, nasi twaishusha hadi kwenye chemchemi, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yatulinda kwa mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mama wa Makambako anayeamka alfajiri kutafuta ndoo moja ajua uzito wa kosa hilo.

Mara nyingi mwenyekiti huilinda chemchemi akiwa madarakani. Akikosa kura hununa, haonekani hata jumuiyani, na pengine hupanda milingoti pale pale alipowakataza wengine. Huyo alikitumikia kiti, hakuwatumikia watu.

Aidha, atokaye serikalini kuongoza shirika la hisani asiligeuze kuwa kiti kingine cha enzi. Sadaka ya wafadhili ni jasho la watu. Hesabu isomwe hadharani, kama wakili wa Injili alivyodaiwa hesabu ya uwakili wake.

Twapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo ichague chemchemi moja na kuilinda, na imwombe kiongozi mmoja aliyemaliza muda wake aisimamie kazi hiyo bila cheo wala posho. Kabla ya kuwako waziri wala diwani, Mwenyezi Mungu alikwisha kumkabidhi mwanadamu bustani. Dhamana hiyo haipigiwi kura.

Mungu awabariki.