Hulka, Msongo wa Mawazo na Moyo wa Mwenye Kisukari



Husemwa, mara nyingi kwa mzaha, kwamba mtu wa hasira huuawa na moyo wake. Mwaka 1959 madaktari wawili wa San Francisco, Marekani, Meyer Friedman na Ray Rosenman, waliandika kwamba watu wa haraka, ushindani na ukali huugua moyo kuliko watulivu. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha yote; kilichoendelea kushukiwa ni hasira na uhasama wa kudumu. Mwaka 2004 utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, baadhi zikiwa za Afrika, uliona kwamba waliopatwa na mshtuko wa moyo waliripoti msongo wa mawazo zaidi kuliko wenzao.

Kwa mwenye kisukari jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kisukari chenyewe huongeza hatari ya maradhi ya moyo takribani maradufu. Mtu akisongwa, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Ini humwaga sukari katika damu, moyo huenda mbio, shinikizo hupanda. Yakipita baada ya saa moja, mwili hutulia. Lakini mkulima wa alizeti aliyengoja mvua, kisha akangoja bei, huku ada ya shule na deni la mbegu vikimkabili, hakungoja kwa saa moja. Huyo hana hulka mbaya, na haifai kumwambia "acha mawazo" kana kwamba mawazo ni kofia ya kuvua.

Madhara mengine hupitia mikononi mwetu. Mwenye mawazo husahau dozi, hukosa kliniki, huvuta sigara, hunywa pombe. Wengine hununua vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari, au chupa isiyo na lebo mnadani, iliyosifiwa kuwa huponya sukari, presha na mawazo kwa pamoja, wakaacha dawa zao. Tafadhali msifanye hivyo. Siku ya kliniki, mweleze mhudumu pia kuhusu usingizi, hofu na huzuni yako; hayo nayo yana tiba.

Liko jambo moja la hatari ambalo wengi hawalijui. Kisukari cha miaka mingi huweza kuharibu mishipa ya fahamu, hata mshtuko wa moyo ukaja bila maumivu ya kifua. Huja kwa jasho la baridi, pumzi kukatika, kichefuchefu au uchovu wa ghafla. Jasho hilo hufanana na lile la sukari kushuka, na mgonjwa hunywa chai yenye sukari nyingi akajilaza. Mwenye kipima sukari apime papo hapo. Ikiwa sukari haijashuka, au dalili zimeendelea dakika 15 baada ya kunywa, au pumzi inakatika, apelekwe hospitali usiku huohuo, wala asiendeshe pikipiki mwenyewe. Asiye na kipimo anywe chai yake akiwa tayari ametafutiwa usafiri.