Hesabu ya Ghalani

Jioni hii twawaomba mchukue kalamu na karatasi, kwa maana tutafanya hesabu pamoja, nayo ni hesabu ya chakula.

Watu wa Ifakara na bonde la mto Kilombero ni wakulima wa mpunga. Mavuno yaingiapo ghalani, wanunuzi nao hufika. Wako wauzao bila kuhesabu. Kisha masika yafikapo, mpunga mpya ungali shambani, hununua mchele kwa bei kubwa.

Basi tuseme mkulima mmoja amevuna kilo 700 za mpunga. Nyumba yake hula kilo 260 za mchele hata mavuno mengine. Mpunga ukikobolewa hupungua, maana maganda hutoka: tuseme kilo 100 za mpunga hutoa kilo 65 za mchele. Je, aweke mpunga kiasi gani?

Kiasi tusichokijua tukiite M. Jinsi 100 ilivyo kwa 65, ndivyo M ilivyo kwa 260. Twazidisha 260 kwa 100, twapata 26,000; twagawanya kwa 65, twapata 400. Basi aweke kilo 400, zibaki 300.

Wengi hukosea hapa. Huzidisha 260 kwa 65, wakagawanya kwa 100, wakapata 169. Lakini kilo 169 za mpunga zitatoaje kilo 260 za mchele? Mwenye kulifuata jibu hilo atapata karibu kilo 110 tu za mchele, nacho chakula kitakwisha kabla ya nusu ya mwaka. Kwa hiyo kila jibu tuliulize kwanza: je, laweza kuwa kweli?

Tena si hesabu zote ziendazo njia moja. Wavunaji 6 wakimaliza shamba kwa siku 10, wavunaji 12 hawatatumia siku 20, bali siku 5. Maana mikono ikizidi, siku hupungua. Hapo twazidisha 6 kwa 10, kisha twagawanya kwa 12.

Sasa swali lenu, wanafunzi. Mkulima wetu bado hajatenga mbegu. Ikiwa eka moja yataka kilo 30, naye atalima eka 2, je, katika zile kilo 300 auze ngapi? Lifanyeni mbele ya wazee wenu, kabla mnunuzi hajabisha hodi.