Redio ya National na Kumbukumbu za Chanzuru



Mwaka 1970 Osaka, Japani, kulifanyika maonyesho makubwa ya dunia, Expo '70. Kuanzia Machi hadi Septemba walipita pale watu wapatao milioni 64. Miongoni mwa waliopiga muziki alikuwamo kijana wa mkoa wetu wa Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, pamoja na Morogoro Jazz. Wazee hilo mnalijua.

Katika maonyesho hayo hayo kampuni ya Matsushita, ikishirikiana na gazeti la Mainichi, iliandaa kasha la chuma lenye vitu 2,098 vya maisha ya wakati ule. Yakatengenezwa mawili, yakafukiwa karibu na Ngome ya Osaka. La juu lilifunguliwa mwaka 2000, nalo litafunguliwa kila miaka 100. La chini lisiguswe hadi mwaka 6970!

Matsushita ndio waliotuletea redio za National. Katika miaka ya 1960 walijenga kiwanda Dar es Salaam, na jina hilo likaingia hadi kwenye nyumba za udongo za Kilosa, kambi za mkonge zikiwamo. Wao walifukia, sisi tukatumia. Leo mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mizani yake, na simlaumu. Anayeuza ndiye aliyeona redio yake haina kazi.

Vijana wa mjini wanaokusanya vichezeo vya Pokémon hutaka kitu kiwe kwenye boksi lake, hakijaguswa. Redio ya hapa Chanzuru thamani yake iko kwenye kuguswa: kifuniko kilicholegea kikafungwa kwa mpira wa baiskeli, waya wa antena uliopandishwa mwembeni, kitambaa cha kudarizi kilichoifunika, mawe, yaani betri, yaliyoanikwa juani ili yasukume taarifa ya habari ya jioni moja zaidi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa na Radio Tanzania, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Choo kilichochimbwa kwa sababu ya redio nacho ni historia, ingawa hakuna makumbusho itakayokihifadhi.

Ninaposema tuhifadhi kumbukumbu za redio hizi, naambiwa kwamba redio ni ya Wajapani, tukusanye ngoma na vigoda vya Wasagara na Wakaguru. Tuvikusanye, naam. Lakini hata gitaa la umeme alilopiga Mbaraka halikuchongwa Uluguru, na hakuna anayesema muziki wake si wa Morogoro.

Ninachoomba si jengo. Mwenye redio abaki nayo. Wanafunzi wapite na daftari, wachore kila mkwaruzo na kuuliza: ilinunuliwa kwa mavuno ya mwaka gani, au kwa mshahara wa shamba gani la mkonge? Salamu za nani zilisomwa redioni mkiwa mmekaa? Na swali ambalo wanaume tunalikwepa: nani aliruhusiwa kushika kitufe, na nani alisikilizia jikoni? Kina mama waulizwe peke yao, mbali na sisi, kwa kuwa katika nyumba nyingi redio ilikuwa ya baba na mawe yalinunuliwa kwa pesa za kuku wa mama. Majina ya walionunua mawe yaandikwe kwanza.