KULIPA DENI LA NYUMBA KABLA YA SIKU YAKE

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika na wanakisomo. Yamebandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shambani au ziwani.)



Tumeombwa tuseme juu ya madeni ya nyumba. Nyumba za bati zimeongezeka hapa kijijini, na hilo ni jambo la kushukuru, maana mvua ya Kyela si ya kuchezea na nyasi hazidumu. Lakini mabati mengi yanayong'aa hayajawa yetu bado. Ni ya mkopo. Hati ya kiwanja, au ya shamba la kakao, imelala kwenye kabati la mkopeshaji, nasi tumelala chini ya bati tukidhani ujenzi umekwisha.

Kwanza tuelewane juu ya rehani. Hati ya hakimiliki ya kimila tunaipata kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na hati hiyo inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo. Aliyeweka rehani hajauza, lakini akishindwa kulipa anaweza kupoteza. Hali kadhalika, nyumba wanamoishi mume na mke haiwekwi rehani na mmoja wao kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzake. Tunalitaja hili kwa sababu wapo akina baba wanaodhani sahihi ya mama ni heshima tu, kama kumkaribisha mgeni chai. Siyo heshima, ni sheria. Na kama mama ametia sahihi yake kwenye deni, basi na daftari la deni likae mahali anapoliona.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Mkopeshaji anataka marejesho kila mwezi. Sisi hatupati fedha kila mwezi. Mpunga tunavuna mara moja kwa mwaka. Kakao ina miezi ya kuzaa sana na miezi ya kuzaa kidogo. Mvuvi wa usipa naye mwezi wake ni ule wa angani: mbalamwezi ikiwaka hapati kitu, anangoja giza. Mwalimu au mganga wa zahanati anaweza kupanga matumizi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi inatubidi tupange kwa mavuno, na tukipanga vizuri tunayo nafasi ambayo mtu wa mshahara hana. Siku ya mavuno fedha inakuja kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaovunja deni.

Lakini unavunja deni la aina gani? Hapa ndipo wengi tunapotea. Riba ziko za namna mbili, na karatasi ya mkopo haisemi kwa sauti kubwa.

Chukueni kalamu. Tuseme mtu amekopa sh. 3,600,000/= za bati, saruji na fundi, alipe kwa miezi 36, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kila mwezi anapunguza deni lenyewe sh. 100,000/=, na riba inaongezwa juu yake.

Namna ya kwanza ni riba isiyopungua. Mkopeshaji anahesabu asilimia 2 ya zile 3,600,000 za mwanzo, yaani sh. 72,000/=, na kila mwezi ni hiyo hiyo, hata mwezi wa 36 ambapo mtu amebakiwa na deni la laki moja tu. Mara 36, riba yote ni sh. 2,592,000/=.

Namna ya pili ni riba ya salio. Mwezi wa kwanza ni 72,000, mwezi wa pili deni limepungua kwa hiyo riba ni 70,000, wa tatu 68,000, na kuendelea hivyo mpaka mwezi wa mwisho riba ni 2,000. Jumlisheni wenyewe, msituamini. Inakuwa sh. 1,332,000/=.

Kumbe asilimia ni ile ile mbili, mkopo ni ule ule, miezi ni ile ile, lakini tofauti ni sh. 1,260,000/=. Kwa hiyo anayeuliza "riba asilimia ngapi?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni: "asilimia ya nini?" Na la tatu: "nikilipa kabla ya siku, riba ya miezi iliyobaki naisamehewa?" Majibu yote matatu yawe kwenye karatasi, si mdomoni mwa afisa.

Kama riba ni ile isiyopungua, na mkataba unasema italipwa yote hata ukimaliza mapema, basi kuharakisha hakukuokolei kitu. Mtu wa namna hiyo alipe kwa tarehe zake bila kuchelewa, na fedha ya ziada aitafutie kazi nyingine. Wengine wanatoza faini kwa anayemaliza mapema. Hiyo nayo isomeni.

Kama riba ni ya salio, sikilizeni vizuri. Tuseme mkopo ule ulianza Januari. Mtu amelipa miezi sita bila kukosa, na deni limebaki 3,000,000. Mavuno ya kwanza yamekuja, akapeleka sh. 600,000/= za ziada, akasema wazi kwamba ni za kupunguza deni lenyewe na akaandikiwa hivyo kwenye risiti. Deni linabaki 2,400,000. Akiendelea na laki moja yake kila mwezi atamaliza kwa miezi 24 badala ya 30, na riba aliyoiepuka ni sh. 330,000/=.

Mwingine ana laki sita hizo hizo, lakini anasema ngoja kwanza ninunue redio na kitanda, nitapeleka mavuno ya mwakani. Mwakani anapeleka kweli, hatumsemi vibaya. Lakini sasa anaepuka sh. 186,000/= tu. Laki sita ni zile zile. Mwaka mmoja wa kungoja umekula sh. 144,000/=. Hicho kitanda kinunuliwe kwa bei yake halafu kiongezewe hiyo 144,000, ndipo tujue kimenunuliwa kwa kiasi gani.

Tuliposema haya darasani mama mmoja aliuliza: laki sita zitoke wapi? Ni swali la haki.

Zisitoke kwenye chakula. Hapo hatutaki mchezo. Kaya ya watu saba inayopika kilo mbili za mchele kwa siku inahitaji kilo 60 kwa mwezi, kilo 720 kwa mwaka. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa zinatoa kama kilo 65 za mchele, kwa hiyo hizo 720 zinatokana na mpunga kilo 1,100 hivi. Lakini sisi watu wa Kyela hatuli wali kila siku. Ndizi zipo, mihogo ipo. Tuseme nusu, kilo 550 za mpunga. Hizo ziwekwe ndani kabla ya kupima gunia la kwanza la kuuza, na ufunguo akae nao mama. Anayeuza mpunga wote mwezi wa saba ili alipe deni ataununua tena mwezi wa kwanza kwa bei ya juu, na mara nyingi kwa fedha ya kukopa.

Zisitoke kwenye Januari pia. Ni kweli shule za serikali hazina ada, mpaka kidato cha nne tangu 2016 na mpaka cha sita tangu 2022. Lakini sare, daftari, viatu na chakula cha shuleni havijafutwa na mtu. Fedha ya Januari itengwe siku ile ile ya mauzo.

Na itengwe ya msiba. Desturi zetu za msiba tunazijua sote, na hatukuja hapa kuzifuta. Mtu hawezi kukaa nyumbani jirani anapozikwa, wala kwenda mikono mitupu. Lakini kila mwaka tunashangaa kama vile msiba ni ajali isiyotegemewa. Angalieni daftari la mwaka jana: mlitoa rambirambi mara ngapi, na kiasi gani? Hicho ndicho kiasi cha mwaka huu. Kiandikwe. Hayo ya kushindana nani kachinja ng'ombe mkubwa tunayaacha kwa wazee wa koo, ila maoni yetu wanayajua.

Ikishatengwa hiyo yote, inayobaki ndiyo ya kuvunjia deni. Ikiwa ni laki sita, vizuri. Ikiwa ni laki moja, nayo ipelekwe, maana hata laki moja ya mavuno ya kwanza inazima riba ya sh. 2,000/= kila mwezi mpaka mwisho.

Halafu kuna fedha ndogondogo. Sh. 1,500/= kwa siku haionekani. Ni bodaboda ya kwenda mahali ambapo zamani tulitembea, ni vocha, ni chapati na chai pale stendi wakati nyumbani chai imepikwa. Kwa siku 365 ni sh. 547,500/=. Karibu laki sita zile zile tulizoulizwa zitoke wapi. Hatusemi mtu aishi kama mfungwa, watoto wakose sukari ili bati limalizike haraka. Tunasema iandikwe kwa siku thelathini tu, bila kubadili kitu, ndipo mume na mke wakae waisome pamoja. Pombe nayo iandikwe. Waliojaribu katika kisomo walianza kupunguza wenyewe kabla siku thelathini hazijaisha, kwa aibu ya daftari.

Jambo jingine ni mikopo ya kausha damu. Mtu anapeleka fedha yote ya mavuno kwenye deni la nyumba, anashangilia, na wiki mbili baadaye mtoto anaugua. Anakwenda kukopa laki moja arudishe laki moja na elfu thelathini mwisho wa mwezi. Hesabu yake ni hii: laki moja aliyoiwahisha kwenye deni la nyumba inamwokolea sh. 2,000/= kwa mwezi. Laki moja ya kausha damu inamla sh. 30,000/= kwa mwezi. Huko siko kulipa mapema. Ndiyo maana tunang'ang'ania akiba, na zaidi huku kwetu ambako Kiwira, Mbaka au Songwe ukifurika unaondoka na mpunga wa mtu. Na aliye na madeni mawili, alipe marejesho ya nyumba kwa tarehe asije akaipoteza, lakini kila senti ya ziada iue kwanza lile deni la riba kubwa. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Muulizeni aioneshe. Kama hana, mmeshajua ni mtu wa namna gani.

Wenye kakao tuna neno nao. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, kwa sababu mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya. Mwaka 2025 ikashuka, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya dola 6,000. Miti ni ile ile na jasho ni lile lile. Wako waliokopa kwa hesabu ya bei ya 2024, wakidhani ndiyo bei ya kudumu. Marejesho yapangwe kwa bei ya mwaka mbaya, na bei ya mwaka mzuri ipelekwe kuvunja deni. Na kwa kuwa fedha ya mnada inaingia kwenye akaunti, tunashauri mtu alipe deni siku hiyo hiyo kabla hajapita sokoni. Fedha ikishashikwa mkononi inapata ndugu wengi.

La mwisho ni karatasi. Kila malipo yawe na risiti, na kila risiti ibandikwe daftarini. Kila baada ya miezi mitatu ombeni taarifa ya salio, mlinganishe na hesabu yenu. Siku deni likiisha msiondoke na tabasamu tu. Ondokeni na barua ya kwamba deni limekwisha, na hati yenyewe mkononi, kisha mpite ofisi ya ardhi kuhakikisha rehani imefutwa kwenye daftari lao. Asiyefanya hivyo anaweza kuwaachia watoto nyumba iliyolipiwa na hati isiyojulikana ilipo.

Alhamisi baada ya kisomo tutakaa na kila mwenye mkopo, mmoja mmoja, tupige hesabu yake. Waje mume na mke. Waje na mkataba, risiti na daftari la mraba. Kalamu za ushirika ziko tatu, kwa hiyo mwenye yake aje nayo, na asiye na miwani aje na mtoto wa darasa la sita.

Katibu wa Tawi